Sauti za WhatsApp kwenye simu ya Mama ndizo zilizonipatia fidia ya goti langu

Miaka mitatu nilikaa na goti bovu bila kudai hata senti moja, kwa sababu niliwasikiliza watu wasiojua. Mmoja aliniambia malipo ya ulemavu ya jeshi la Marekani ni ya waliopigwa risasi. Mwingine akasisitiza kwamba lazima uwe umetumikia miaka 20. Yote mawili si kweli. Mimi nilitumikia miaka 5, risasi haikunigusa, na leo nimeandikiwa ulemavu wa asilimia 40. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ningeomba ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, malipo yangehesabiwa tangu siku iliyofuata kuachishwa kwangu. Miaka ile imeenda na haitarudi.

Mimi ni mtu wa Likoni. Nilikuja Marekani kwa green card ya bahati nasibu, nikaingia jeshini mwaka 2013, nikafanya mafunzo Fort Jackson, South Carolina, na huko huko nikala kiapo cha uraia. Nikapangiwa kuendesha malori. Mwaka 2016 tulikuwa Kuwait. Jioni moja nilikuwa juu ya lori nafunga turubai, nimevaa fulana ya kuzuia risasi, nikateleza nikaanguka. Goti la kulia likatangulia chini, mgongo ukagonga chuma cha kuvutia trela. Nikainuka. Nikapewa ibuprofen za miligramu 800, zile ambazo wanajeshi wenyewe wanaziita peremende, nikaendelea na kazi. Zahanati sikwenda. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kikosi kile cha madereva na sikutaka mtu aseme mwanamke hawezi. Uamuzi huo ndio uliokuja kunigharimu, maana mwili wangu ulikuwa na jeraha lakini faili langu halikuwa nalo.

Nilipoamua kudai, Novemba 2021, nilianza kwa kukosea fomu. Sisi kwa Kiswahili tunasema pensheni ya ulemavu, nami nikatafuta fomu yenye neno pensheni. Nikaijaza wiki nzima, inaniuliza kipato, akiba, mali. Kumbe VA, yaani idara ya wanajeshi wa zamani, ina vitu viwili. Pensheni yao ni ya waliotumikia wakati wa vita, wenye kipato kidogo, na ambao ama wamefika miaka 65 ama wana ulemavu wa kudumu unaowazuia kazi. Anayelipwa kwa kuumia kazini jeshini anapata fidia, kipato chake hakiulizwi, na pesa hizo hazikatwi kodi. Fomu yake ni 21-526EZ. Tena kabla ya fomu yenyewe kuna tangazo la nia ya kuomba: ukilituma, tarehe yako inashikwa, una mwaka mzima wa kukusanya karatasi.

Wakaniita kwenye uchunguzi. Hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu naamini watu wetu wengi wanaangukia hapa. Daktari aliingia akaniuliza naendeleaje leo. Nami nimelelewa kwamba mtu akikuuliza hali unajibu sijambo, hata kama unatoka kuzika. Nikamwambia mzima kabisa, ahsante. Akaniambia kunja goti. Nikakunja mpaka mwisho, nimeuma meno, nikidhani kulegea mbele ya daktari ni ukosefu wa adabu. Akaniambia inama, nikainama nusura niguse sakafu. Usiku ule sikulala kwa maumivu. Baadaye niliomba nakala ya ripoti, na haki hiyo kila mtu anayo, nikakuta nimeandikiwa kwamba sina malalamiko siku hiyo na viungo vinakunjika kawaida. Ni maneno yangu mwenyewe yaliyorudi kwangu.

Aprili 2022 barua ikaja. Mlio wa masikioni, ambao niliupata kwa miaka ya injini na majenereta, wameukubali, asilimia 10. Goti na mgongo wamekataa: hakuna kumbukumbu kwamba niliumia nikiwa kazini. Kwa karatasi nilizowapa, ningekuwa mimi mwamuzi ningeandika hivyo hivyo.

Ndipo dalali mmoja akanipigia simu. Ana kampuni, ana maneno matamu, anataka nikishinda nimlipe ile nyongeza ya malipo yangu ya kila mwezi, mara tano. Nilikaribia kutia sahihi. Mzee mmoja aliyepigana Vietnam, anayejitolea kusaidia wenzake wilayani kwetu hapa Texas, ndiye aliyenizuia. Akanionyesha kwamba kwa kutayarisha dai la kwanza hakuna anayeruhusiwa kisheria kukutoza pesa, na kwamba wawakilishi waliosajiliwa wa vyama kama Disabled American Veterans wanasaidia bure. Wakili naye anaruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, lakini lazima awe amesajiliwa na VA. Yule dalali hakuwa amesajiliwa popote. Nikamrudishia karatasi zake.

Yule mzee aliniuliza swali moja: siku ulipoanguka, ulimwambia nani? Nikasema hakuna. Akasema fikiri vizuri. Nikafikiri, nikakumbuka. Nilimwambia Mama.

Kila usiku kule Kuwait nilikuwa namtumia Mama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nikampigia simu. "Mama, ile simu yako ya zamani iko wapi?" Akasema, "Iko kabatini mwanangu, kwenye mkebe wa biskuti. Sikuitupa, ina picha za marehemu baba yako." Lakini haikuwaka. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Mdogo wangu akavuka nayo kivuko, akazunguka kwa mafundi wawili waliosema hii imekufa, wa tatu akatafuta betri ya kufanana, nadhani kwa shilingi mia nane. Saa nne usiku wa Mombasa simu ikawaka, na mdogo wangu akaanza kupandisha juu, mwezi baada ya mwezi, mpaka Machi 2016. Nikajisikia mwenyewe: "Mama, leo nimeanguka kwenye lori. Goti limevimba kama boga. Usimwambie mtu." Siku nne baadaye nyingine: "Mgongo haunipi usingizi." Tarehe zake zote zipo. Nililia kama mtoto.

Sauti hizo zikaandikwa, zikatafsiriwa kwa Kiingereza na mfasiri aliyetia sahihi kuthibitisha, kama dola themanini au tisini. Mama akaandika maelezo yake kwa Kiswahili, nayo yakatafsiriwa. Shahidi si lazima awe Mmarekani wala mwanajeshi, ni mtu aliyeona au kusikia. Mwenzangu mmoja wa kikosi akaandika aliyoyaona jioni ile. Daktari wangu wa kawaida alikuwa ameshapiga picha ya MRI, gegedu la goti limechanika. Naye akaandika kwamba uwezekano wa jeraha kutokana na anguko lile haupungui nusu. Maneno hayo ndiyo kipimo chenyewe cha VA, nusu kwa nusu inatosha. Daktari akikuandikia "huenda", mrudishie kwa heshima.

Februari 2023 nikatuma dai la nyongeza, yaani kuwaomba waangalie upya walichokataa kwa ushahidi mpya, fomu 20-0995, kabla mwaka haujaisha tangu barua ya kwanza. Mwaka huo ukiisha, unapoteza tarehe yako ya mwanzo. Katika uchunguzi wa pili nilisema kweli tu. Daktari aliponiuliza hali, nilimwambia leo ni afadhali, lakini siku mbaya nashuka ngazi kwa makalio. Nilikunja goti mpaka maumivu yalipoanza nikamwambia hapa, yeye akapima pembe. Sikuongeza kitu, na sikuficha kitu.

Agosti majibu yakaja: mgongo 20, goti 10, masikio 10 yale yale. Msiseme 40 ni kwa kujumlisha. Wao wanakata kama mkate. Asilimia 20 inatoka kwenye 100, zinabaki 80. Kumi inakatwa kwenye hizo 80, inakuwa 8, umefika 28. Kumi ya mwisho inakatwa kwenye 72 zilizobaki, unafika 35, na 35 inapandishwa kuwa 40. Ukifika 30 wanakuongezea kwa mtoto na mwenzi, kwa hiyo peleka cheti cha kuzaliwa mapema. Malimbikizo tangu 2021 yalizidi dola elfu kumi na moja. Mama amebadilishiwa mabati, na ile simu nimemnunulia kava.

Sasa goti la kushoto limeanza kuuma kwa kubebeshwa uzito wa la kulia, na hilo nalo linadaiwa, kama ulemavu uliozaliwa na ule wa kwanza. Tangazo la nia nimeshatuma. Zahanati nimekwenda mara mbili, imeandikwa, na Mama naendelea kumtumia sauti.