Chupa tatu za maji, Pangani

Mwaka 2015 nilikuwa nafundisha kemia na baiolojia sekondari moja ya kata huko Pangani, ng'ambo ya mto, yani ukitoka mjini ulikuwa unavuka na kivuko mpaka Bweni halafu unatafuta bodaboda. Maabara ilikuwa jengo halijaezekwa. Lakini vijana nilikuwa nao, na nilishasikia habari za Young Scientists Tanzania, yale maonyesho ya Dar ambako wanafunzi wanapeleka tafiti zao, nikasema na sisi tufanye ya kwetu hapahapa wazazi waje waone watoto wao wanajua nini.

Madawati tukayaunga mawili mawili, juu tukatandika kanga. Walikuwepo waliotengeneza betri ya ndimu kwa misumari ya bati na waya wa shaba, ndimu moja haitoi hata volti moja kwahiyo wakaziunga nne ndo kitaa chekundu kikawaka, na kuna kijana alileta jani la mkonge akaeleza vile Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alivyoagiza mkonge kutoka Florida, mwaka 1893 ikapona miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani zetu kabisa.

Ila mi moyo wangu ulikuwa kwa binti mmoja wa kidato cha pili. Yeye alitaka kusafisha maji kwa mbegu za mlonge. Unamenya zile mbegu kavu, unatwanga, unachanganya na maji masafi kidogo, unachuja kwa kitambaa, halafu ule uji mweupe unaumimina kwenye maji ya tope unakoroga, mwanzo haraka kisha taratibu. Protini ya mlonge ina chaji chanya na udongo una chaji hasi, vinashikana vinakuwa mabonge vinazama chini.

Wiki moja kabla akajaribu. Akateka maji pale kivukoni, akajaza chupa mbili, moja akatia mlonge nyingine akaiacha hivohivo ili alinganishe. Asubuhi zote mbili maji yake masafi! Hakulia ila aliniangalia tu, akaniuliza, "Mwalimu, kwahiyo mlonge haufanyi kitu?" Na mi sikuwa na jibu, nikalala nalo siku mbili.

Aliyetutoa ni mzee mmoja mvuvi, babu yake huyohuyo binti. Akamwambia, "Mjukuu wangu, maji ya pale umeyateka lini? Juzi lilikuwa bamvua, bahari ikijaa chumvi inapanda mto, wewe umeteka maji ya bahari." Binti akaja mbio kunisimulia na hapo ndo nikaunganisha, maana chumvi nayo inafanya udongo ushikane na kuzama, ndo mana mto ukikutana na bahari unaacha matope mengi mdomoni. Yule mzee kemia hakusoma lakini mto wake anaujua.

Basi tukaenda kuteka lamboni wanakonywesha ng'ombe, maji rangi ya chai ya maziwa. Siku yenyewe binti akapanga chupa tatu, na hii ya tatu sikumwambia mimi, ni akili yake: moja ya lambo na mlonge, moja ya lambo peke yake, moja ya kivukoni. Alikoroga ilipofika saa tatu asubuhi mbele za watu, na ilipofika saa tano hivi akaweka kipande cha gazeti nyuma ya ile ya mlonge ukawa unasoma herufi, ile ya pili bado chai. Babu yake alikaa kwenye benchi la mbele kabisa, na mjukuu alipofika kwenye chupa ya tatu alisema kwa sauti, "Hii nimeelekezwa na babu yangu," mzee akavua kofia akaishika mapajani.

Bibi mmoja akasogea akainua ile chupa safi, akamuuliza binti, "Sasa haya nikanywe, mwanangu?"

"Bado bibi, tope limetoka ila vijidudu vingine vimo. Kachemshe kwanza, na uyatumie leoleo, yasilale."

Bibi akaniomba mbegu. Nikampa zilizobaki zote, akazifunga kwenye pindo la kanga.