Ijumaa ya mnunuzi wa vijiko vya fedha, London

Saa 11 alfajiri. Begi limepangwa tangu usiku: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, mizani ya gramu, tochi, kitabu cha mihuri, yaani alama ndogo zinazogongwa kwenye fedha. Sumaku imo pia, ila msiitegemee. Fedha haivutwi na sumaku, lakini hata ule mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli unaochovywa fedha hauvutwi. Sumaku itakukamatia chuma tu.

Saa 12 asubuhi, Bermondsey Square. Soko la Ijumaa la vitu vya kale linaanza watu wakiwa bado na tochi mkononi. Hadi mwanzoni mwa 1995 sheria ya zamani ilimlinda aliyenunua hapa kwa nia njema kati ya macheo na machweo, hata kama mali ilikuwa ya wizi. Ulinzi huo umefutwa, kwa hiyo risiti nadai hata kwa kijiko kimoja cha chai.

Saa 12:30. Kwanza nageuza kijiko nisome mgongo wa mpini. Simba anayetembea ni fedha ya 92.5%. Kuna na muhuri wa mji fedha ilikopimwa: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji ni Sheffield kwa vitu vya kabla ya 1975. Herufi ni mwaka, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: mzunguko wa London ulikuwa na herufi 20 (J haimo, wala V hadi Z), kisha zinarudi kwa mwandiko na ngao tofauti. Ukisoma herufi bila kutazama umbo la ngao, unaweza kukosea kwa miaka 20 au 40. Alama nyingine zinakusaidia: kichwa cha mfalme au malkia ni alama ya kodi, ya 1784 hadi 1890, na chui wa London alivuliwa taji 1821. Ukiona herufi EPNS, rudisha mezani. Hicho ni cha kuchovya.

Saa 1:30. Sasa pumzi. Nahemea ncha ya mpini, pale wenye nyumba walipochorewa nembo ya ukoo. Ukungu ukitanda, mistari iliyofutwa huwa inajitokeza kwa sekunde mbili tatu. Halafu nabana pale pale kwa kidole gumba na cha shahada: kama pamekuwa pembamba kuliko pembeni, nembo imekwanguliwa, na fedha imeondoka nayo. Sinunui, labda kwa bei ya kuyeyusha.

Saa 3. Uma ndio wenye hila. Za meno matatu, za karne ya 18, ni adimu kuliko vijiko vya wakati huo, kwa hiyo kuna waliochukua kijiko halisi chenye mihuri halisi, wakakifua na kukikata meno. Mihuri haitakuambia lolote. Tazama meno: yakiwa membamba kama bati na mabega yamekaa vibaya, shuku. Kwa uma wa kawaida nasimamisha meno juu ya meza. Yakiwa mafupi, au ncha zimenyooshwa kwa tupa zilingane, maisha yake yameisha. Kijiko nacho huliwa upande mmoja, kwa kuwa mlaji hukwangua sahani kwa mkono ule ule kila siku.

Saa 4:30. Hesabu. Uma 12 zenye gramu 780: zidisha kwa 0.925, upate gramu 721.5 za fedha safi, gawanya kwa 31.1 (gramu za wakia moja ya fedha), ni wakia 23.2 hivi. Hiyo ndiyo sakafu ya bei. Seti ya fundi mmoja na mwaka mmoja hupanda juu sana. Ya kuokoteza mmoja mmoja haipandi hivyo, ingawa mezani zinafanana. Visu msivipime kabisa: mipini yake ina uwazi uliojazwa lami au utomvu, na bapa ni chuma.

Saa 7 mchana. Napita Chancery Lane, kwenye maduka ya fedha ya chini ya ardhi, kulinganisha bei tu.

Saa 10 jioni. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo matone mawili, kitambaa laini, kukausha papo hapo. Visu havilowekwi: maji moto hulainisha lami na mpini ukachomoka. Ile mbinu ya karatasi ya alumini na soda siipendi, maana inaondoa hata weusi wa ndani ya nakshi unaoifanya isomeke.

Saa 1 usiku. Daftari: uzito, mihuri, kasoro, bei. Kisha kukata mipira. Wauzaji hufunga vijiko sita sita kwa mpira wa ofisini, na mpira una salfa. Ukikaa miezi, unaacha mstari mweusi ulioila fedha kwa kina, wa kuonekana hata baada ya kung'arishwa. Mimi nafunga kwa utepe wa pamba.