Reli ya Karanga na Malori ya Makaa

Kila nipitapo barabara ya bandarini hapa Mtwara, hupishana na malori yaliyofunikwa maturubai, yakileta makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ngaka, wilayani Mbinga. Yamekwisha kutembea zaidi ya kilomita 600, kwa kupitia Songea, Tunduru na Masasi, na kutoka Masasi hadi baharini yanapita katika nchi ambayo zamani ilikuwa na treni yake.

Vijana ninaowasimulia habari hiyo huwa hawaamini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ili Nachingwea ifikike, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, nayo ikafunguliwa mwaka 1949. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati, lakini haikuungana nayo popote. Injini na mabehewa yake yalipaswa kuja kwa njia ya bahari. Kwa kuwa maji ya Lindi hayana kina cha kutosha meli kubwa, Mtwara ikachaguliwa kujengewa bandari, na njia nyingine ya reli ikatoka huku kwenda kuungana na ile ya kwanza pale Ruo.

Jambo linaloniuma ni mpangilio wa miaka. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango wa karanga Januari 1951, ilhali bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Reli ilikamilika wakati mzigo wake umekwisha kutoweka. Ikafikishwa Masasi mwaka 1958, lakini mazao yaliyokuwepo hayakutosha kulipia gharama zake, na mwaka 1962, nchi ikiwa changa bado, ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Sasa upo mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ninaitaka sana reli hiyo. Ninachoomba ni kwamba isipangwe kwa kutegemea makaa peke yake: stesheni za Masasi na Tunduru ziwe na maghala ya korosho tangu siku ya kwanza, na kila treni ya mizigo iwe na mwenzake wa abiria.