Nilivyolala ndani ya treni ya mwaka 1955, Toronto hadi Vancouver, bila kulipia chumba

Kila nilipouliza habari za zile treni za kale za chuma cha pua, niliambiwa zimebaki kwenye makumbusho. Si kweli, na inaniudhi, maana maneno hayo yalinichelewesha miaka. The Canadian, treni ya abiria ya Kanada inayotoka Toronto hadi Vancouver, bado inatembea. Mabehewa yake mengi ni yaleyale yaliyoundwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia, yakaanza kazi Aprili 24, 1955: zaidi ya 170, ubavu wa michirizi unaong'aa bila rangi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora. Nilishaapa kwamba lazima nilale ndani ya mojawapo.

Ushauri mbovu kuliko wote ulitoka kwa kaka mmoja wa nyumbani anayeishi Calgary. "Dada, Toronto ya nini? Njoo hapa kwangu, utapandia hapahapa, unapita Banff unaona milima." Akanitumia na picha, treni inapinda kando ya Mto Bow, kwenye ile kona iliyopewa jina la mpigapicha Nicholas Morant. Picha tamu, ila ya zamani! Enzi za Canadian Pacific, kampuni ya reli iliyoianzisha, ndiyo ilipita huko. Tangu Januari 1990, chini ya VIA Rail, shirika la treni za abiria la Kanada, inapita kaskazini: Winnipeg, Edmonton, Jasper. Calgary haigusi kabisa. Nashukuru nilifungua ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege ya kumfuata. Hata mabehewa ya mkiani yanawachanganya watu, maana yalipewa majina ya hifadhi: kuna Yoho Park, na Yoho yenyewe treni haipiti tena.

Kisha wakala wa tiketi akanishikilia kwamba ni chumba, au nikae kitini usiku zote nne. Nikamwambia hapana, nataka kitanda cha chini cha pazia. Hakukijua. Nilikikata mwenyewe mtandaoni, msimu wa baridi abiria wakiwa wachache, na tofauti na chumba ilikuwa mamia ya dola. Chakula kimo ndani ya nauli, na bafu lipo kwenye behewa.

Mchana ni viti viwili vipana vinavyotazamana. Usiku mhudumu anavivuta vikutane, anatandika godoro, anashusha kitanda cha juu kutoka ukutani, kisha anafunga pazia zito kama turubai. Sisitiza cha chini, hata kama cha juu ni rahisi kidogo, kwa sababu cha juu hakina dirisha. Mimi nilizima taa, nikainua kizuia-mwanga, nikalala ubavu nikitazama theluji ya Ontario na misonobari mpaka usingizi ukanichukua. Sanduku kubwa lipeleke behewa la mizigo. Kitandani ingia na begi dogo tu.

Sasa kuba la vioo, ile sehemu ya juu ya behewa ya kutazamia mandhari. Lina viti 24 tu, na kila mtu anakitaka kimoja siku ya milima. Wenzangu waliniambia nikae huko tangu asubuhi. Sikukubali. Chakula kinaliwa kwa zamu, nami nikamwomba mhudumu wa mgahawa zamu ya mwisho ya jioni. Tulipotoka Jasper kuelekea magharibi watu wamebanana kule juu. Zamu ya kwanza ilipotangazwa, nusu wakashuka kwenda kula. Nikapanda, nikachagua kiti cha mbele upande wa kulia, maana Mlima Robson unatokea upande huo. Mita 3,954! Siku nyingi hujifunika mawingu, lakini kwangu ulikuwa wazi mpaka kileleni, wekundu wa jua la jioni ukiwa juu ya barafu, na mimi nimenyoosha miguu. Mpaka leo nausimulia.

Mwaka 1955 ilitoka Montreal hadi Vancouver kwa saa 71 hivi. Siku hizi ni polepole zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni ya kampuni ya mizigo, na treni ya abiria ndiyo inayoingia pembeni kupisha zile treni ndefu za makontena. Kwa hiyo ukifika Vancouver usipange ndege siku hiyohiyo. Kata ya kesho yake jioni.