Kitanda cha dirishani

Mama ametoka hospitali jana. Amelala chumbani, mimi niko barazani na daftari, lakini mawazo bado yako wodini.

Siku nne za kwanza baada ya upasuaji wa tumbo, kitanda chake kilitazama ukuta. Rangi ya mafuta ilikuwa imebambuka pale juu, kiasi cha kiganja, na macho yake hayakubanduka hapo. Kila mara: "Saa ngapi, mwanangu?" Uji hataki, kugeuka hataki.

Siku ya tano mgonjwa wa dirishani akaruhusiwa, nesi akatuhamishia pale. Nje kuna mwarobaini, nyuma yake majabali, halafu kipande cha ziwa. Usiku ule mama akaniamsha. Nikadhani ni maumivu. Kumbe anahesabu taa za wavuvi wa dagaa.

"Giza limeingia," akasema. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika. "Kesho Mwaloni patajaa."

Amechuuza dagaa miaka mingi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza. Zile taa kwake ni kalenda. Kulipokucha akaomba uji mwenyewe, kisha akaniagiza nipige simu niulize bei ya debe. Nililia kidogo, nikiwa nimempa mgongo.

Sisemi dirisha ndilo lililomponya. Dawa alikunywa, kidonda kilisafishwa. Ila mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walikuwa wakiona miti dirishani, nusu ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96, wenzao 8.70, na hao wa miti walitumia dawa kali za maumivu chache zaidi.

Na si Marekani tu. Hapo jirani Rwanda, hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 ina wodi ambazo vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, kila mgonjwa akatazama dirishani. Hili ndilo linaloniuma. Sisi Mwanza tuna ziwa na majabali kila upande, halafu tunamlaza mgonjwa akiyapa kisogo! Hata pale uani kumemwagwa zege tupu, ndugu wanaouguza wanahamahama na kivuli cha jengo.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, mama alimwita nesi. "Sista, yule bibi wa kitanda cha pili, mleteni hapa." Tukamsaidia kumsogeza, na mama akasubiri mpaka mto ulipowekwa sawa.