Deni la saumu lilivyonipa tarehe ya kujifungua

Kliniki ya wajawazito hapa Arua, swali la kwanza ni lilelile: "Mama, hedhi ya mwisho ilianza lini?" Wengi hujibu "mwezi wa nne hivi", na mkunga anaandika hivyohivyo. Mimi nilitaja siku: 7 Aprili 2024.

Niliipata kwenye deni la saumu. Mwanamke anayefunga anazijua siku alizokula, maana lazima azilipe. Ramadhani ile hedhi ilinianza, nikavunja saumu zikiwa zimebaki siku tatu Idd ifike. Nyumba nzima imefunga, mimi nakunywa chai jikoni mchana. Idd ilikuwa Jumatano, 10 Aprili. Ukirudi nyuma siku tatu, unayo tarehe. Mkunga akaongeza siku saba, akarudisha miezi mitatu, akaandika tarehe ya kujifungua: 14 Januari. Hedhi yangu haibadiliki, kwa hiyo aliiamini.

Kilichoniudhi ni ushauri niliopewa kuhusu picha ya tumbo (ultrasound). "Mwanangu, ngoja miezi minane, ulipe mara moja na jinsia uione." Sikungoja. Nilikwenda kabla miezi mitatu haijaisha, nikalipa kama shilingi elfu arobaini hivi za Uganda, majibu yakapishana na hesabu yangu siku chache tu. Mimba ikiwa changa, watoto karibu wote wana kimo kimoja. Baadaye huyu ananenepa, yule anabaki mwembamba, ndiyo maana picha ya mwishoni inaweza kukosea hata wiki tatu.

Na yangu ilikosea. Mimba ilipofika miezi minane nilitumwa picha nyingine kuangalia mtoto alivyolala, ripoti ikasema nitajifungua wiki ya Krismasi. Kijana aliyeipokea akashika kalamu afute tarehe kwenye kadi. Nikamwekea mezani karatasi ya kwanza, niliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni. Akaisoma, akaiacha tarehe kama ilivyo.

Krismasi ilipopita, ndugu wa mume wakaja juu: mimba imepitiliza, anywe dawa ya miti alete uchungu. Nilikataa katakata. Dawa hizo zinaweza kupasua mfuko wa uzazi, tena mimba ilikuwa haijapitiliza hata kidogo. Binti yangu alizaliwa katikati ya Januari, mzima, kilo tatu na ushee.

Uliyepata mimba ukitoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, au ukinyonyesha, hedhi haijarudi, hesabu yangu haikufai. Kimbilia picha mapema. Na siku ya kupimwa tumbo kwa futi, kojoa kwanza, maana kibofu kikijaa mfuko wa uzazi hupanda na utaongezewa wiki ambazo huna.