Kanda Imekatwa

Jumamosi tulikuwa Kariakoo kutafuta viatu vya shule, kitinda mimba wangu akauliza, "Mama, Kariakoo maana yake nini?" Nikamwambia ni Kiingereza kilichochoka njiani: Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza Vita ya Kwanza. Kambi yao ilikuwa hapa hapa. Akafikiri kidogo. "Walirudi kwao?" Nikajifanya nimezama kwenye kupatana bei.

Swali hilo nilishalisikia Kigoma, sebuleni kwa Babu pale Mwanga, likizo ile Mjomba aliyorudi na deki ya kuchezea kanda za video. Kanda ya kwanza kuwekwa ilikuwa *The African Queen* ya John Huston, ya 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo. Mjomba aliambiwa ni mambo ya kwetu: mwaka 1914, Wajerumani, mto, na meli ya ziwani.

Inaanzia kanisani. Mmishonari anaongoza wimbo, dada yake yuko kwenye kinanda, jasho linamtiririka, na waumini, weusi wote, wanapiga kelele kama wanaofukuza ndege shambani. Babu, aliyeimba besi kwaya miaka arobaini, akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakuwa anatazama. Amefumba macho, kidole kinagonga goti, anatafuta sauti ya pili. Hakuipata. Basi akaanza mwenyewe, wimbo ule ule, kwa Kiswahili, polepole, mpaka Bibi akatoka jikoni na unga mikononi akaingia sauti ya kwanza. Kwenye kioo wale wanaendelea kupayuka. Babu akamaliza ubeti, akaiambia televisheni, "Unaimbwa hivyo."

Yaliyofuata yalienda mbio. Kijiji kikachomwa, watu wakaswagwa, mmishonari akapigwa kitako cha bunduki, homa ikamchukua. Kuanzia hapo ni waigizaji wakuu, Bogart na Hepburn, na boti lao: maporomoko, mbu, ruba, matete. Babu kila baada ya muda, "Na wale?"

"Wale wepi, Babu?"

"Waliochukuliwa."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nataka wazungu wangu waoane tu. Wakaoana, mbele ya vitanzi. Meli ya Wajerumani ilipozama Babu akacheka mpaka akakohoa: "Si ndiyo hiyo aliyopanda shangazi yako Jumatano?" Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, alimaanisha. Yenyewe ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na inasemekana ndiyo iliyozaa hadithi ile.

Maandishi ya mwisho yakapanda. Babu hakuinuka. "Haijaisha. Kanda imekatwa."

Asubuhi akavaa kanzu, akaenda dukani kudai kipande kilichobaki. Mwenye duka aliapa kwa jina la mama yake, mwishowe akampa kanda ya karate bure. Babu akaipokea, ila hakuridhika.

Msibani kwake ndipo nilipomsikia mzee mmoja akisema kwamba baba mkubwa wa Babu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo vita ile. Mimi Babu hakuwahi kuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa natazama boti.

Viatu tulipata. Namba moja zaidi, atakua.